Nati ya sproketi ya mbele imegoma: zuia shafti kwanza, spana baadaye

Swali kutoka Koboko: "Nina pikipiki ya zamani ya CC 250, ile ya tairi za meno, niliyoipata kwenye mnada Arua. Cheni imekwisha na meno ya sproketi ya mbele yamechongoka kama ya papa. Nati ya katikati imekataa kabisa. Tuliweka gia ya kwanza, mmoja akakanyaga breki ya nyuma, mwingine akalalia spana yenye bomba. Gurudumu linateleza kidogo kidogo na kona za nati zimeanza kulika. Makanika mmoja anataka kupitisha nondo kwenye spoku, mwingine anataka kuleta mashine ya weldingi aichome nati mpaka iwe nyekundu. Nimsikilize yupi?"

Kwa leo, ndugu yangu, usimsikilize yeyote. Wote wawili wanaishambulia nati, na nati ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo. Sproketi utaitupa hata hivyo. Kilicho ghali ni shafti ya gia iliyobeba sproketi, kwa sababu kuibadilisha ni kushusha injini na kupasua kasha lake katikati. Nyuma ya sproketi kuna sili ya oili na beringi, na pembeni kuna kasha la alumini linalopasuka kama kigae likigongwa vibaya. Kwa hiyo kila mbinu ipime kwa swali moja: je, shafti, sili na kasha vitabaki salama? Nati ikifa, na ife.

Anza na usafi. Toa kifuniko cha sproketi. Pedali ya gia ikiwa inazuia, kwanza piga alama ya nukta kwenye shafti yake na kwenye pedali ili irudi meno yaleyale. Ndani utakuta udongo wa marram uliochanganyika na grisi ya cheni, umekauka ukawa kama saruji. Ukwangue kwa bisibisi ya zamani, usugue kwa brashi na mafuta ya taa, ukaushe kwa kitambaa. Usielekeze maji ya presha pale. Yanapenya kwenye sili.

Ukishasafisha, tazama washa iliyo chini ya nati. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii ni bati jembamba lililokunjwa upande mmoja au miwili likalala dhidi ya pande za nati, ili nati isijifungue yenyewe. Makanika wengi huona mkunjo mmoja, wakaunyoosha nusu, wakaanza kuvuta. Mkunjo wa pili umejificha upande wa chini chini ya uchafu, na unaendelea kuishika. Nyoosha mikunjo yote mpaka bati lilale bapa kabisa, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Gonga ukielekea nje, kutoka kwenye shafti kwenda kwenye meno ya sproketi, ili tindo ikiteleza isiangukie nyuzi za shafti. Nati nyingine hazina washa ya kukunja. Zina ukosi mwembamba uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Huo nao uinuliwe kwa panchi nyembamba, au usagwe kidogo kwa tupa, kabla ya jambo lolote.

Hakikisha pia kwamba unachokitazama ni nati kweli. Pikipiki nyingi ndogo, Honda CG125 ikiwa mojawapo, hazina nati kubwa katikati. Sproketi yake hushikwa na kibati chenye bolti mbili ndogo. Nyingine hutumia klipu ya duara. Wewe unayo nati, lakini atakayesoma akiwa na pikipiki ya boda asije akatafuta kisichokuwepo.

Halafu kuna mwelekeo. Karibu zote hufunguka kinyume cha mwendo wa saa ukiwa umeikabili nati. Lakini zipo chache zilizokatwa nyuzi za kushoto, na kwa hizo kila ukivuta "kufungua" unakaza. Ikiwa ncha ya shafti imetokeza nje ya nati, inamisha kichwa mpaka uione kana kwamba shafti imesimama wima, ncha juu. Nyuzi za kawaida zinapanda kuelekea kulia. Zikipanda kuelekea kushoto, badili mwelekeo.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo lako, nako ni hilo gurudumu linaloteleza. Hapa hesabu kidogo inasaidia kuliko misuli.

Chukulia nati iliyoshika inahitaji Nm 250 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) ili iachie, yaani sawa na kilo 25 hivi zikining'inia kwenye ncha ya bomba la mita 1. Si nguvu ya kutisha. Lakini ukiizuia shafti kwa gurudumu la nyuma, nguvu hiyo inapita kwenye cheni na kukuzwa na tofauti ya sproketi. Ikiwa ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 45, breki ya nyuma inatakiwa kushika mara 3, yaani Nm 750. Breki ya dramu ya zamani, bitana zimejaa vumbi, haitashika. Ndiyo maana gurudumu linajongea, na likijongea nguvu ya ghafla haipatikani, soketi inacheza, kona za nati zinalika. Nati yako hata haijajaribiwa vizuri bado.

Hesabu hiyohiyo inamjibu yule wa nondo. Nm 750 kwenye nondo iliyo sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu ni kama kilo 380 zikikandamiza spoku mbili au tatu. Zitapinda au zitang'oka kwenye rimu, na Koboko si rahisi kupata seti ya spoku za pikipiki ya mnadani.

Na gia ya kwanza haisaidii kitu. Ukiweka gia, sehemu ya nguvu inaingia kwenye meno ya gia na klachi, ambayo nayo itateleza. Acha gia huru. Wale wanaojaza kamba kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili pistoni isisogee, mbinu hiyo ina kazi yake kwingine. Kwa nati hii unaipima klachi tu, na kuitesa.

Dawa ni kuishika sproketi yenyewe, moja kwa moja. Ukiishika pale pale ilipo, ile mara 3 inatoweka. Chombo chake hutengenezwa na mtu yeyote wa weldingi kwa dakika chache, na hapo ndipo mashine ya makanika wako wa pili inapofaa kweli. Chukua chuma bapa cha upana wa milimita 40 na unene wa 6, urefu sentimita 80. Chukua kipande cha cheni ya zamani ya saizi ileile ya sproketi yako. Cheni yenye namba ya saizi 428 haikai kwenye meno ya cheni ya 520. Kizungushe kwenye sproketi kama kitanzi, kishike angalau meno 9 au 10, kisha ncha zote mbili zichomelewe kwenye mwisho wa chuma bapa, viungo viwili au vitatu kila upande, kitanzi kikiwa kimebana. Uchomeleaji ufanyike mezani, mbali na pikipiki. Pima kwa kutumia sproketi mpya uliyonunua, ya meno yaleyale, ukiwa nayo karakanani.

Cheni ya pikipiki ikiwa bado ipo, itoe. Vua kikanyagio cha mguu wa kushoto kama kinazuia. Vika kitanzi kwenye meno, elekeza chuma bapa mbele na chini mpaka ncha yake iguse ardhi, na weka kipande cha mbao ngumu chini yake. Ukifungua nati upande wa kushoto wa pikipiki, sproketi inataka kuzunguka kinyume cha saa, na chuma kinachoelekea mbele kinasukumwa chini. Ardhi ndiyo inayokizuia, kwa mzigo wa kilo 32 hivi tu, na kwa kuwa chuma kimeegemea ardhi, pikipiki haitaki kuangukia upande wako. Kama chuma kinagusa kasha la injini popote, pinda au weka kipande cha tairi katikati. Chuma kisiegemee alumini hata kidogo.

Kosa moja linalofanywa mno: kusokomeza nondo, bisibisi au spana kati ya meno ya sproketi na kasha. Inashika kweli, kwa sekunde moja. Halafu kona ya kasha inavunjika na oili inaanza kudondoka mahali ambapo hakuna gundi itakayodumu.

Ikiwa kweli huwezi kupata chombo hicho na lazima utumie gurudumu, basi liandae. Kaza fimbo ya breki mpaka pedali ishike mapema, futa vumbi la bitana kwa kitambaa chenye maji bila kulipuliza, hakikisha bolti ya mkono unaozuia sahani ya breki imekaza, na ondoa ulegevu wa cheni kwa kusogeza ekseli nyuma ili kusiwe na mruko. Mtu mzito akae juu ya pikipiki na akanyage pedali kwa mguu mzima; mpira wa tyubu wa kufungia mizigo unaweza kuisaidia pedali ibaki chini. Ikishindikana, usiongeze bomba. Rudi kwenye chombo.

Sasa spana. Kona zimeanza kulika, kwa hiyo spana ya mdomo na spana ya kurekebisha ziache kabisa. Unahitaji soketi ya pande 6, siyo ya kona 12, kwa sababu ya pande 6 hushika ubapa wa nati na ya kona 12 hushika kona tu. Pima nati kwa kalipa. Saizi za 27, 30, 32 na 36 ndizo zinazokutwa mara nyingi. Kisha tazama mdomo wa soketi: ndani yake umechongwa mteremko ili iingie kirahisi kwenye bolti. Nati ya sproketi ni nyembamba, pengine milimita 8, na mteremko huo unapoteza milimita 2 au 3 za mshiko. Ndiyo sababu soketi mpya nayo huruka na kulamba kona. Saga mdomo wa soketi kwa grainda mpaka mteremko uishe na uso uwe bapa. Soketi moja ya kutoa kafara, lakini mshiko wake ni kitu kingine.

Kona zikiwa zimekwisha lika sana, usihangaike na saizi ileile. Piga tupa pande zote 6 kwa usawa mpaka nati ya 32 iwe ya 30. Ni milimita 1 kila upande. Iache iwe kubwa kwa unywele, kisha ingiza soketi kwa kuigonga na nyundo. Mapigo hayo yenyewe yanasaidia kutikisa kutu.

Kabla ya kuvuta, ipe nati muda. Mafuta ya kupenya ni matone, siyo mafuriko: matone 4 au 5 kwenye mstari kati ya nati na shafti, na mengine mgongoni mwa nati. Egemeza pikipiki upande wa kulia kwenye ukuta ili ncha ya shafti ielekee juu na mafuta yabaki, ukiwa umefunga bomba la petroli. Gonga uso wa nati, siyo shafti, kwa nyundo ya gramu 500 na panchi bapa, mapigo mafupi ukiizunguka. Rudia asubuhi, mchana na jioni, kisha iache usiku kucha. WD-40 ya kawaida inafanya kazi ingawa si bingwa. Mafuta yaliyoandikwa kuwa ya kufungua kutu ni bora zaidi. Mafuta ya gia otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni yanapenya vizuri sana, ila yanashika moto haraka na yanaharibu rangi. Dizeli ni ya mwenye subira.

Kisha vuta. Pikipiki isimame kwa tairi zake mbili, mtu ameikalia akibana breki ya mbele. Soketi ivae nati mpaka mwisho, bila ekstensheni kama inawezekana; kama lazima iwepo, ncha yake ya nje iegemee kigogo au stendi ili soketi isipinde. Bomba lielekee mbele, likiwa karibu kulala sambamba na ardhi, ukisukuma kwenda chini. Kwanza kaza kidogo, upana wa kucha tu, kwani kutu huvunjika kwa upande wowote. Halafu fungua kwa msukumo mmoja wa uzito wa mwili, siyo kwa kuning'inia na kurukaruka. Pale inapoachia husikika mlio mkavu kama tawi linavunjika, na bomba hushuka ghafla. Weka mguu wako mahali ambapo halitaufikia.

Bomba la mita 1 linatosha. Ukiona mnahitaji la mita 2 na watu wawili, acheni. Ama mkunjo wa washa bado upo, ama nyuzi ni za kushoto, ama aliyefunga mwisho alitumia gundi ya nyuzi.

Gundi ndiyo inayoleta joto kwenye mjadala. Gundi kali ya nyuzi hailegei kwa mafuta wala kwa kungoja. Inalainika ikifika kama nyuzijoto 250. Hata kutu hutikiswa na joto, kwa kuwa nati ikipanuka kabla ya shafti kunatokea mwanya. Kwa hiyo makanika wako wa pili hakukosea kuwaza moto. Amekosea kiasi na kifaa. Chuma kikifika wekundu, ugumu wa juu wa shafti unapotea na meno yake yatalika kwa miezi, si miaka. Sili ya kawaida ya mpira haivumilii zaidi ya nyuzijoto 120 hivi. Na umeme wa mashine ya weldingi, ukiwa kibano cha ardhi kimeshikizwa kwenye fremu, utapita ndani ya beringi za injini na kuziachia vishimo.

Ukitaka joto, tumia tochi ndogo ya gesi, ile ya mafundi wa mabomba. Ondoa tangi la petroli kabisa, siyo kulifunga tu, petroli ya kabureta imwage, chomoa betri, jerikani ziende mbali. Futa mafuta yote ya kupenya na usitumie kisafishio cha breki karibu na moto, kwa maana baadhi yake hutoa moshi wa sumu vikichomwa. Funika kasha kwa kitambaa kilicholoa maji. Elekeza ncha ya mwali kwenye pande za nati, ukiizunguka, sekunde 30 hadi 40. Tone la maji likidondoshwa juu yake liruke na kutoweka papo hapo. Vika soketi na vuta mara moja wakati nati ni ya moto na shafti bado. Isipotoka, iache ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji, na ikiwa vuguvugu weka tena matone ya mafuta. Inapojikunja inayavuta ndani. Mizunguko mitatu ya namna hii ni kazi ya nusu siku, na mara nyingi wa pili ndio unaomaliza. Baada ya joto, ihesabu sili kuwa imekufa na nunua nyingine mapema. Kwenye pikipiki nyingi hutolewa kwa nje bila kupasua kasha, ingawa baadhi zina ukingo wa ndani unaoizuia.

Karakana za malori pale Arua zina mashine ya upepo ya kufungulia nati za magurudumu. Ukiweza kuifikisha pikipiki huko, dakika 5 zinaweza kumaliza kazi ya siku mbili, kwa sababu mapigo mafupi mfululizo huvunja kutu bila kuhitaji kizuizi kikubwa. Weka kitanzi chako cha cheni hata hivyo. Soketi iwe nyeusi ya mashine, kwani ya kung'aa inaweza kupasuka na kuruka vipande. Vaa miwani. Sekunde 3 hadi 5 kila mara, halafu tazama kama nati imesogea. Sina tatizo na mashine hii hata kidogo kwa kufungua. Kwa kufunga, hapana.

Na kama yote yameshindwa, ikate. Wengi huiogopa hatua hii, lakini kwangu inakuja kabla ya bomba la mita 2 na kabla ya wekundu wowote. Nati ya 32 kwenye shafti ya 22 ina ukuta wa milimita 5 tu katikati ya ubapa wake. Sokota kitambaa chenye grisi nyuma ya sproketi kufunika sili, funika injini kwa gunia lililoloa ili cheche na unga wa chuma visibaki huko. Ukiwa na grainda ndogo ya kisahani cha milimita 30 au 40, kata katikati ya ubapa mmoja, mstari ukienda sambamba na shafti, kwa kina cha milimita 4. Bakiza milimita 1. Kata na ubapa wa upande wa pili vivyo hivyo. Halafu simamisha tindo ndani ya mkato na gonga pigo moja kali. Ukuta uliobaki unapasuka, nati inafunguka kama ganda la karanga na kutoka kwa vidole.

Grainda kubwa ya kawaida huwa haiingii hapo bila kugusa kasha. Badala yake tumia drili: matundu matatu ya milimita 3 yakielekea ndani sambamba na shafti, yakifuatana katikati ya ubapa, kina kisizidi unene wa nati. Zungusha pole pole, tone la oili kila mara, kisha tindo. Kisahani kikiigusa nyuzi kidogo, usitokwe jasho. Mkwaruzo mmoja unaovuka nyuzi haupunguzi nguvu ya maana. Lainisha kingo zake kwa tupa ya sindano.

Usitupe vipande vya nati. Vichukue vyote, na picha ya nyuzi za shafti, unapotafuta nyingine Arua au unapomwagiza mtu soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Kipenyo sawa hakitoshi, umbali kati ya uzi na uzi lazima ufanane pia: nyuzi 5 zikichukua milimita 5 ni ya 1, zikichukua 7.5 ni ya 1.5. Nati mpya ivishwe kwa vidole vitupu mpaka mwisho. Ikidai spana njiani, hiyo siyo yake, hata muuzaji akiapa.

Kurudisha ni kazi fupi lakini ndiyo iliyoharibiwa na aliyekutangulia. Sugua nyuzi na meno ya shafti kwa brashi ya waya. Jaribu sproketi mpya juu ya meno hayo: ikicheza sana kushoto na kulia, meno ya shafti yamelika na nati italegea tena. Baadhi ya injini zina bushi na oringi ndogo nyuma ya sproketi, oringi ibadilishwe. Weka washa mpya. Ukiikosa, ya zamani itumike kwa ukingo ambao haujawahi kukunjwa, maana uliokunjwa mara mbili hukatika. Nati yenye mbonyeo wa duara kuzunguka tundu lake upande mmoja, upande huo huangalia sproketi. Badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya meno ya papa haifiki mbali.

Nguvu ya kukaza iko kwenye kitabu cha pikipiki yako, na kwa nati za ukubwa huu mara nyingi huwa kati ya Nm 80 na 120. Huna spana ya kupimia? Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mihogo na samaki sokoni, inatosha. Ifunge kwenye mpini sentimita 50 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo 20: hiyo ni Nm 98. Ukihitaji 80, ni kilo 16 na robo. Shafti ishikwe kwa kitanzi kilekile. Kisha kunja washa kwenye ubapa ulio karibu. Ubapa usipolingana, kaza mbele kidogo mpaka ulingane, usirudishe nyuma.

Paka grisi kidogo kwenye ncha ya nyuzi zilizotokeza nje, rudisha kifuniko, weka ulegevu wa cheni kama kitabu kinavyotaka, na uendeshe kilomita 10. Ukirudi, mulika kwa tochi chini ya sproketi. Pakiwa pakavu, kazi imeisha. Pakiwa na tone la oili, sili ndiyo inayofuata, na safari hii nati itafunguka bila ugomvi.